Milioni 25 na nkambo juu ya kiti: The Beverly Hillbillies kwa familia ya Lubumbashi

Kama nyumbani kwenu mna nafasi ya kupata msimu mmoja tu wa The Beverly Hillbillies, mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Marekani, chukueni wa kwanza: vipindi 36 vya mwaka 1962 na 1963, picha nyeusi na nyeupe, dakika ishirini na tano na kidogo kila kimoja. Mkiweza miwili, ongezeni wa pili. Ile saba inayobaki ni ya kuokota, kipindi hapa, kipindi pale, na mingine kuipita bila kujuta. Inafaa kusemwa mapema, maana anayekuuzia kle (flashi ya USB) yenye mfululizo wote huutaja wingi kama sifa. Ni kweli viko 274, misimu tisa, tangu tarehe 26 Septemba 1962 hadi tarehe 23 Machi 1971 kwenye televisheni ya CBS ya Marekani. Lakini hakuna familia, hata ile ambayo SNEL, kampuni ya umeme, haiikatii umeme, inayohitaji vyote 274.

Hadithi yenyewe ni fupi. Jed Clampett, mjane wa milimani, anaishi na watu wake katika kibanda cha magogo kando ya kinamasi. Petroli inaonekana katika ardhi yake. Kampuni ya mafuta inamlipa dola milioni 25, kiasi ambacho kwa bei za leo kinapita milioni 250. Binamu yake Pearl anamsukuma ahamie California, familia inapakia vyombo juu ya gari kuukuu, na wanaingia katika jumba lililo ubavuni mwa nyumba ya mkubwa wa benki inayotunza fedha zao. Paul Henning, aliyebuni mchezo huu na kuandika sehemu kubwa ya vipindi vyake, alikuwa mzaliwa wa Missouri, na inaonekana: watu wake wa milimani wana adabu, wana sheria zao za ugeni, wana kiburi cha kukataa kulishwa bure. Wakosoaji wa New York waliuita mchezo upuuzi. Watazamaji waliuweka namba moja Marekani nzima kwa misimu yake miwili ya mwanzo.

Mtu wa Lubumbashi atakwama dakika ya kwanza kabisa, na ana haki ya kukwama. Mafuta yako chini ya ardhi ya Jed, sawa, lakini nani kasema ni ya Jed? Kule, mwenye ardhi kwa kawaida ndiye mwenye kilicho chini yake pia, na anaweza kukiuza au kukikodisha kwa kampuni apendavyo. Kwetu Kongo, tangu sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo na kilicho chini yake ni mali ya Serikali. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inarudia jambo hilo hilo kwa shaba na kobalti, na sheria ya 2015 inalisema kwa petroli na gesi. Hati ya lupango, yaani kiwanja, inakupa haki ya kukaa, kujenga, kulima. Haikupi jiwe lililo chini ya choo chako. Wakaaji wa Kasulo, kule Kolwezi, walipoanza mwaka 2014 kuchimba kobalti ndani ya nyua na hata ndani ya vyumba vyao, walijua vizuri kwamba utajiri uko chini ya sakafu. Karatasi ya kuumiliki ndiyo hawakuwa nayo. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kipindi cha kwanza, wapeni watoto maelezo ya dakika tano juu ya tofauti hii. La sivyo mtakaa kipindi kizima mkijibu swali moja: Serikali iko wapi?

Ukishavuka hapo, kipindi cha kwanza ni kazi safi. Jed hajui amepata nini. Anawaeleza jamaa zake kwamba mtu wa kampuni atamlipa kwa dola za aina mpya ambazo hajawahi kuzisikia, zinaitwa dola milioni, na uso wake hauonyeshi lolote. Buddy Ebsen, anayemcheza Jed, ana kipaji hicho cha kutotingishika. Kichekesho kinampita puani naye anachonga kijiti chake. Wengine wote wanahitaji kelele, yeye hahitaji. Ukiona msimu wa nane au wa tisa, utagundua kwamba waandishi wamechoka lakini Ebsen bado anacheza kwa kipimo kile kile.

Nguvu ya pili ni Irene Ryan kama Granny, nkambo (bibi) wa nyumba, ambaye jina lake halisi katika mchezo ni Daisy Moses. Hakutaka kuhama. Walimpakia juu ya gari akiwa bado amekaa kwenye kiti chake cha kuyumba, na hivyo ndivyo anavyoingia Beverly Hills, kitini, bunduki karibu. Ni mdogo wa mwili na mkali kuliko wote. Anatibu kwa mizizi, anachemsha sabuni ya magadi kando ya bwawa la kuogelea, na ana pombe anayoitengeneza mwenyewe na kuiita dawa ya viungo. Kuna kichekesho kimoja juu ya dawa yake ya mafua ambacho kila aliyewahi kumsubiri mganga atakicheka: dawa inaponya kabisa, mradi tu mgonjwa ainywe, anywe maji mengi, apumzike, na asubiri juma moja au siku kumi.

Hapa pana jambo ambalo Mmarekani halioni na sisi tunaliona mara moja. Granny si mama wa Jed. Ni mama wa marehemu mke wake, yaani mama mukwe. Mkwe wa kiume analala nyumba moja naye, anakula naye meza moja, anagombana naye mbele ya watoto, mara nyingine anamnyang'anya bunduki kwa mkono wake. Kwa familia ambayo bado inashika heshima ya bukwe, ambamo mkwe hupisha njia mama mukwe akipita, hicho kitendo cha kukaa meza moja ni kichekesho chenye nguvu kuliko alivyokusudia Henning. Wazee watatikisa kichwa. Waacheni watikise, ni sehemu ya burudani.

Elly May, binti wa Jed (Donna Douglas), anapenda wanyama na anawashinda wanaume mieleka. Jethro Bodine (Max Baer Jr.), mtoto wa Pearl, ni kijana mwenye nguvu za maksai na elimu ya darasa la sita ambayo anajivunia mno. Huyo huyo Baer anavaa gauni na kumcheza dada pacha wa Jethro, Jethrine, kwa sauti iliyoingizwa na Linda Henning, binti wa mwandishi. Kiufundi ni ujanja mdogo, ila watoto huuliza kila mara kama ni mtu mmoja. Ni mmoja.

Sasa lile ambalo wauzaji wa kle hawalisemi, na ndilo linaloamua kama mtaipenda au mtaichoka. Wengi huanza kuitazama wakidhani wanaalikwa kuwacheka watu wa kijijini walioingia mjini. Wakiitazama hivyo, kipindi cha nne kinawachosha: haya tena, wamechukua meza ya biliadi kuwa meza ya chakula, wamechukua fimbo zake kuwa za kusukumia sufuria mpaka upande wa pili. Haya tena, muziki umelia ukutani na hakuna anayejua unatoka wapi, ila wamegundua kwamba kila ukilia, mtu anabisha mlangoni. Vichekesho hivi ni vizuri mara mbili au tatu. Havibebi misimu miwili.

Kinachoibeba ni mwenye benki. Milburn Drysdale, anayechezwa na Raymond Bailey, hana usingizi tangu siku fedha za Clampett zilipoingia katika Commerce Bank. Wao wenyewe hawazihitaji. Jed hajui amebakiwa na kiasi gani na wala haulizi. Chakula wanakifuga au wanakiwinda, nguo ni zile zile, bustani ya maua wanataka kuilima mahindi. Wakati wowote wanaweza kusema basi, turudi mlimani, na kila wanaposema hivyo Drysdale anapagawa. Atavaa lolote, atadanganya yeyote, atawalazimisha makarani wake wajifanye watu wa milimani, atamgombanisha mkewe na majirani, almradi zile milioni zisitoke kwenye daftari lake. Mtumwa wa fedha katika mchezo huu ni yule ambaye si zake. Mtazameni yeye, si wao, na vipindi vya msimu wa kwanza vitabadilika mbele ya macho yenu. Msaidizi wake, Miss Jane Hathaway (Nancy Kulp), ndiye mtu pekee wa mjini anayewapenda Clampett bila hesabu, na Kulp anaicheza nafasi hiyo kwa akili sana: msomi, mrefu, mkavu, na moyo wote umepotea kwa Jethro ambaye hajui kugawanya.

Mke wa Drysdale (Harriet MacGibbon) ni wa aina tunayoijua katika mitaa ya Lubumbashi, kutoka Golf mpaka Kamalondo: jina la ukoo, mbwa aliyechanwa nywele, na kinyongo cha kuishi ukuta mmoja na watu wanaokausha nyama nje. Anafanya kazi yake vizuri, ila waandishi hawakumpa zaidi ya noti moja ya kupiga. Mwanawe, Sonny, mwanafunzi wa kudumu, anafaa zaidi na anaonekana kidogo mno.

Jinsi kipindi kinavyojengwa ni karibu sawa kila mara, na ukiujua ufundi wake unaweza kubashiri mapema kama kipindi ni kizuri. Ndani ya dakika tatu au nne za kwanza mtu mmoja anaelewa vibaya jambo moja. Upande wa pili nao unaelewa vibaya jambo jingine. Kila neno linalosemwa baadaye linaingia sawasawa katika makosa yote mawili, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, na hakuna anayeuliza. Kikiwa kizuri, makosa mawili yanakutana dakika ya ishirini na kulipuka pamoja. Kikiwa kibaya, kosa ni moja tu, linasukumwa mpaka mwisho, na kicheko cha kurekodiwa kinajaribu kuziba pengo. Anayependa maigizo ya Lubumbashi, ile njia ya kundi la Mufwankolo ya kuanza na ugomvi wa nyumbani na kuuacha ukue kwa mdomo, atajisikia nyumbani kwa upande wa ugomvi. Asitegemee tu kwamba mwishoni mzee atasimama na kutoa somo. Hakuna somo. Siku inayofuata kila mtu amesahau.

Mfano bora wa ufundi huo ni kipindi cha tarehe 8 Januari 1964, msimu wa pili, ambacho Granny anakutana na kangaruu. Hajawahi kumwona wala kumsikia. Anachokijua yeye ni sungura, kwa hiyo anatangaza kwamba ameona sungura mkubwa kupita mtu, na familia inaamua kwamba amekunywa sana dawa yake ya viungo. Yeye anasema kweli, wao wanamhurumia, na kadiri anavyoeleza kwa usahihi ndivyo anavyoonekana mlevi zaidi. Hakihitaji Kiingereza hata neno moja kukifuata. Ni miongoni mwa vipindi vya nusu saa vilivyotazamwa na watu wengi kuliko vyote katika historia ya televisheni ya Marekani. Mkitaka kujaribu kabla ya kununua, ombeni hicho.

Kuna pengo moja ambalo kwa familia ya hapa ni kubwa. Mtu kapata dola milioni 25, kahamia jumba la vyumba visivyohesabika, na ndugu hawaji. Hakuna mjomba wa kutoka kijijini aliyefika na mikoba na watoto sita. Hakuna karo za shule za wapwa, hakuna mchango wa kilio, hakuna mchungaji mwenye mchoro wa kanisa jipya, hakuna mtu wa komini mwenye karatasi ya kodi isiyoeleweka. Pearl yupo msimu wa kwanza, kisha anatoweka kwa sababu mchezaji wake, Bea Benaderet, alipewa mchezo wake mwenyewe mwaka 1963. Matapeli wanakuja, ndiyo, na misimu ya mwisho inaye Phil Silvers, tapeli mwenye miwani na mdomo wa asali, ambaye ni mzuri kweli. Lakini tapeli ni rahisi kumwandika. Ndugu mwenye haki ya kuomba ndiye mgumu, na mchezo huu haukumgusa. Ndiyo maana mtu mzima wa Katuba anaweza kucheka kipindi kizima na bado akahisi kwamba jambo lenyewe halijaguswa. Utajiri wa ghafla bila foleni mlangoni, kwetu, ni hadithi ya kizimwi.

Kwa wanaopenda vitu: gari ni Oldsmobile ya 1921 iliyokatwa na kugeuzwa lori na George Barris, fundi mashuhuri wa magari ya sinema, na leo liko katika jumba la makumbusho la Ralph Foster, Point Lookout, Missouri. Jumba mnaloliona kwa nje halikuwa Beverly Hills bali jirani yake, Bel Air; vyumba vya ndani vilijengwa studio, ndiyo maana ngazi na milango haviendani kila mara na sura ya nje. Nyumba hiyo iliuzwa mwaka 2019 kwa karibu dola milioni 150. Hesabu ya kukaa nayo: bila kuzipandisha kwa bei za leo, zile milioni 25 za Jed zisingenunua hata robo yake.

Misimu, sasa. Wa tatu bado una mambo: Jed anajikuta na studio ya sinema mikononi, na Jethro anaanza safari yake ya kutafuta kazi ya kifahari, leo jasusi, kesho mtengenezaji filamu, baadaye mwenye mgahawa. Huyo Jethro wa kazi ni mzuri kwa dozi ndogo. Rangi inaanza msimu wa nne, Septemba 1965. Vipindi 106 vya kwanza vyote ni nyeusi na nyeupe. Watoto huomba vya rangi. Wapeni viwili vitatu, lakini msiruke kwenda huko moja kwa moja, kwa sababu ubora wa maandishi ulianza kushuka karibu wakati ule ule rangi ilipopanda. Kuanzia msimu wa sita ugonjwa mkubwa ni urefu: wazo la kipindi kimoja linavutwa mpaka vipindi vinne au vitano. Wanakwenda Uingereza kudai ngome waliyorithi, na safari haiishi. Wanarudi Missouri mwaka 1969 kwa vipindi vilivyopigwa Silver Dollar City, na huko angalau kuna hewa na miti ya kweli. Msimu wa tisa una mchumba wa Elly ambaye ni mzamiaji wa baharini na Granny anaamini kwamba anageuka chura. Wazo zuri la dakika kumi, likatafunwa majuma kadhaa. Mchezo ulifungwa 1971 pamoja na michezo mingine ya mashambani, CBS ikitaka watazamaji vijana wa mjini ambao wenye matangazo waliwapenda zaidi. Mji uliona aibu juu ya shamba, sawa, ila kwa hali iliyokuwa imefikia, hakuna kilichopotea.

Kwa watoto wadogo, mambo matatu ya kujua mapema. Bunduki ziko kila mahali na zinashikwa kama vijiko. Hakuna damu, lakini kama nyumba yenu haitaki silaha katika mchezo wa watoto, huu si wenu. Pombe ya Granny ni kichekesho cha kudumu. Na la tatu huwashangaza wengi: wafadhili wa mwanzo walikuwa Kellogg's na sigara za Winston, na katika nakala zisizokatwa wachezaji wenyewe wanasimama mwishoni kuzisifia sigara kwa furaha kabisa. Kaeni na rimoti mkononi dakika mbili za mwisho. Zaidi ya hayo hakuna matusi, hakuna chumba cha kulala, hakuna kitu cha kumfanya shangazi atoke nje.

Lugha ndiyo kazi. Kiingereza cha Clampett ni cha milimani, kimekunjwa, na hata mtu aliyesoma Kiingereza chuoni atapoteza theluthi ya maneno. Maandishi ya chini yaliyotengenezwa na mashine hukosea zaidi pale Granny anapoongea, kwa hiyo msiyaamini sana. Njia inayofanya kazi ni kumpa mtu mmoja anayesikia Kiingereza kazi ya kueleza kosa la kipindi, yaani nani kaelewa nini vibaya, katika zile dakika nne za mwanzo, kisha anyamaze. Akifasiri kila sentensi atafunika uso wa Ebsen, na uso ule ndio nusu ya mchezo.

Nakala. Vipindi 55 vya kwanza, yaani msimu wa kwanza wote na 19 vya msimu wa pili, viliangukia mali ya umma Marekani kwa sababu haki zake hazikuhuishwa kwa wakati. Ndiyo maana vimejaa kila mahali kwa bei ya chini, na ndiyo maana ubora wake unatofautiana vibaya. Wimbo wa mwanzo, ulioimbwa na Jerry Scoggins huku Lester Flatt na Earl Scruggs wakipiga gitaa na banjo, haukuwa sehemu ya mali hiyo ya umma, hivyo wachapishaji wa bei rahisi waliutoa na kuweka muziki wowote usio na mwenyewe. Huo ndio mtihani wa haraka kuliko wote: chezesheni sekunde 30 za mwanzo. Mkisikia banjo ya kasi na mtu anayesimulia kisa cha Jed kwa kuimba, nakala ilitoka mahali pazuri. Mkisikia muziki wa hoteli, tarajieni pia picha yenye ukungu na sauti iliyozama. Mtihani wa pili ni muda. Kipindi kamili hufika dakika 25 au 26. Kikiwa na 22, kilikatwa ili kupisha matangazo ya marudio, na kinachokatwa mara nyingi ni zile dakika za mwanzo zinazoweka kosa, yaani zile mnazozihitaji zaidi.

Diski halisi za Marekani ni za eneo namba 1. Kongo iko eneo namba 5. Kicheza diski cha kawaida kilichonunuliwa hapa kinaweza kuzikataa, hivyo ulizeni kama kinasoma maeneo yote kabla ya kutoa dola. Kwenye kle, fanyeni hesabu mbele ya muuzaji. Kipindi kimoja chenye picha ya kuridhisha huchukua kama megabaiti 200. Vile 55 vinaingia kwenye kle ya gigabaiti 16 bila kubanana. Akikupa vyote 274 kwenye kle hiyo hiyo, kila kimoja kimebaki na chini ya megabaiti 60, na mtaona miraba badala ya sura. Ombeni faili za MP4 za aina ya H.264, maana tele nyingi za zamani hazifungui zile mpya za HEVC: sauti inatoka, kioo kinabaki cheusi. Kle iwe imepangwa kwa FAT32. Faili ya maandishi ya chini iwe na jina lile lile la video, herufi kwa herufi, na ihifadhiwe kwa UTF-8, la sivyo herufi za Kifaransa zenye alama zitageuka mapambo.

Jambo la mwisho kwenye tele yenyewe. Mchezo ulipigwa kwa picha ya karibu mraba, 4:3. Tele bapa za leo huivuta ijaze kioo, na Granny anaonekana mfupi na mpana kwa theluthi zaidi. Tafuteni kwenye rimoti sehemu ya ukubwa wa picha, wekeni 4:3, mkubali mistari meusi pembeni. Kama kuna chaguo la sauti ya mazungumzo, liwasheni. Linasukuma maneno mbele ya kile kicheko cha kurekodiwa. Na kama picha inafunguka kwa rangi nzuri, kioo kimejaa, na Jed ana sura msiyoitambua, mmepewa filamu ya 1993 iliyotumia jina lile lile, Jim Varney akicheza Jed. Irudisheni mdai ile ya 1962.